Soma Tarehe Kabla Hujaflashi: Simu, Kompyuta, Kamera, Mita na Gari Vinapopoteza Siku

Simu ina mtandao, kifurushi kipo, lakini WhatsApp haifunguki. Kompyuta imeunganishwa vizuri na ruta, ila kila tovuti inakataliwa. Hapo watu hubadilisha laini, hununua kifurushi kingine, hufuta programu na kuipakua upya. Mwisho kifaa hupelekwa kwa fundi, kinaflashiwa, na picha za miaka mingi zinapotea. Mara nyingi kosa lilikuwa wazi kwenye kona ya kioo: tarehe.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine, soma tarehe na saa inayoonyeshwa na kifaa chenyewe, uiandike au uipige picha. Usikimbilie kuirekebisha. Tarehe mbovu ndiyo shahidi wa kwanza, maana kila chanzo cha kosa huacha alama yake:

- 1 Januari 1970, kwetu mara nyingi ikiwa 03:00 yaani saa 9 usiku: kifaa kimesahau saa kabisa na kuanza kwenye sifuri. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa siku hiyo kwa saa ya Greenwich, nasi tuko saa 3 mbele.
- 1 Januari 2000, au 1 Januari ya mwaka ulio karibu na ule kifaa kilipotengenezwa: betri ndogo ya ndani imekwisha.
- Nyuma kwa miaka 19 na miezi 7 na ushee: kosa la hesabu ya wiki za GPS.
- Tofauti ya saa 1, 3, 6 au 12 kamili, dakika zikiwa sawa: saa yenyewe ni nzima, ila imewekwa vibaya.
- Tofauti ya miaka 4 na siku 1: jedwali la Excel, wala si kifaa.

Ukishajua uko kwenye alama gani, ruka moja kwa moja hadi dalili inayokuhusu.

## Intaneti ipo, lakini tovuti na programu zinakataa

Kivinjari kinasema muunganisho si salama, au kwamba saa yako iko nyuma. Chini ya onyo kuna maandishi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. WhatsApp inalalamika kuwa tarehe ya simu si sahihi, na programu ya benki inafunguka kisha inajifunga.

Kila tovuti salama ina cheti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Vyeti vya siku hizi havikai muda mrefu. Let's Encrypt, watoaji wakubwa wa vyeti vya bure, wamezoea kutoa vya siku 90. Simu iliyorudi nyuma miezi sita itaona vyeti vingi havijaanza kazi, na iliyoruka mwaka mmoja mbele itaona karibu vyote vimekwisha. Kwa mwenye simu, hilo linafanana kabisa na mtandao mbovu.

Sababu inayoongoza ni simu iliyokauka chaji hadi ikazima, kisha ikawashwa bila laini au mahali pasipo na mtandao. Inayofuata ni mkono wa mtu: mtoto amesogeza tarehe mbele ili gemu limpe zawadi ya kesho, au mkubwa ameirudisha nyuma ili programu ya majaribio isiishe. Betri ya ndani huja mwisho, na hiyo ni zaidi kwa kompyuta.

Fungua mipangilio ya tarehe na saa, washa kuweka saa kiotomatiki pamoja na ukanda wa saa kiotomatiki. Kama vilikuwa vimewashwa na bado tarehe si sahihi, vizime, weka tarehe ya leo kwa mkono, washa data, kisha uvirudishe. Simu yenye laini hupata saa kutoka kwenye mnara wa mtandao. Isiyo na laini hutegemea intaneti, kwa hiyo iunganishe na Wi-Fi kwanza. Zima na uwashe, halafu jaribu tena programu iliyokataa.

Kwenye Windows kuna kizingiti kinachowachosha wengi. Saa ikiwa imepotoka sana, kompyuta hukataa kujisahihisha hata ukibofya kitufe cha kusawazisha. Iweke mwenyewe hadi ikaribie, dakika chache huku au huku, ndipo ubofye. Chagua ukanda ulioandikwa Nairobi, UTC+03:00, yaani saa 3 mbele ya Greenwich. Hakuna wa Dar es Salaam kwenye orodha ya Windows, na Nairobi ndiyo saa yetu.

Simama hapa: ikiwa tarehe yako ni sahihi na onyo linatokea kwenye tovuti moja tu, cheti cha tovuti ile ndicho kilichoisha. Usibofye kulipita onyo ili uingize nywila au namba za kadi. Subiri wenyewe warekebishe.

## Kila umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma

Hili ni tatizo la kompyuta za mezani na mashine za kurekodi kamera za ulinzi, zile DVR zinazokaa juu ya kabati dukani. Umeme ukikatika na kurudi, mashine inaamka ikiwa mwaka 2000 au 1970.

Karibu mara zote ni betri bapa ya duara iliyo kwenye ubao mkuu wa ndani, ule mafundi wanaouita mazabodi. Nyingi ni CR2032 ya volti 3. Kazi yake ni kuiwezesha saa ya ndani kuendelea kutembea mashine ikiwa haina umeme. Hudumu miaka kadhaa, lakini kifaa kinachokaa muda mrefu bila umeme huimaliza mapema, na hapa kwetu vifaa hivyo ni vingi.

Jaribio ni rahisi: weka tarehe sahihi, zima, chomoa waya ukutani kwa nusu saa, kisha washa. Ikirudi nyuma, ni betri. Ukiwa na mita ya kupimia volti, betri nzima husoma 3 au zaidi kidogo; ikisoma chini ya 2.7 hivi, ibadilishe. Bei yake ni ndogo, na fundi akikwambia kwamba ni lazima ubadilishe ubao mzima kwa sababu tarehe inarudi nyuma, tafuta fundi mwingine.

Kwenye kompyuta ya mezani unaweza kuibadilisha mwenyewe. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao. Piga picha betri ilivyokaa, sukuma kile kibanio cha pembeni, toa ya zamani, weka mpya alama ya kujumlisha ikitazama juu kama ilivyokuwa. Ukiwasha, kompyuta inaweza kusema mipangilio yake ya msingi imepotea; ingia, weka tarehe, hifadhi. Hapa pana hatari moja isiyosemwa vya kutosha: ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya data ya Windows, Windows inaweza kudai ufunguo wa kufungulia wenye tarakimu 48. Utafute ufunguo huo na uuandike kabla hujafungua kasha, maana bila huo data haifunguki.

Laptopu ni habari nyingine. Kwa nyingine betri hiyo ina waya na plagi ndogo, kwa nyingine haipo kabisa na betri kubwa ndiyo inayofanya kazi hiyo. Mpe fundi. Na ukiona mgongo wa laptopu umevimba au kipanya cha kugusa kimeinuka, izime na usiichaji tena. Hiyo ni betri kubwa iliyoharibika na inaweza kuwaka moto.

Betri za CR2032 ziwe mbali na watoto, mpya na zilizokwisha pia. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, huanza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa mbili. Usisubiri dalili, mpeleke hospitali papo hapo, useme amemeza betri.

Kwa DVR kuna jambo la kufanya kabla ya kurekebisha chochote. Kama kumetokea wizi au ajali na unahitaji ushahidi, usiiguse saa ya mashine. Simamisha simu yenye saa sahihi kando ya kioo cha DVR, piga picha inayoonyesha saa zote mbili, uandike tofauti. Kisha tafuta tukio kwa saa mbovu ya mashine. Mtu anatafuta picha za jana usiku, haoni kitu, anadhani hazikurekodiwa, kumbe zipo chini ya Januari 2000. Akiingiwa na hasira na kufuta diski ili aanze upya, ushahidi umekwenda. Nakili kwanza kwenye flashi, weka ile picha ya saa mbili pamoja na nakala, ndipo urekebishe. Polisi na mahakama watauliza saa ile ilikuwa sahihi kiasi gani, na utakuwa na jibu.

Ukishanakili, badilisha betri. Kama mashine ina intaneti, washa NTP, yaani kusawazisha saa kupitia mtandao, kwa seva kama pool.ntp.org. Halafu tafuta kipengele cha DST, saa za majira ya kiangazi, ukizime. Afrika Mashariki hatusogezi saa, na mashine iliyoachiwa kipengele hicho itaruka saa nzima katikati ya mwaka bila kumuaga mtu. Kama kamera zako ni za intaneti, kila moja ina saa yake pia. Angalia moja moja.

Usifungue DVR, televisheni wala kifaa cha sola kikiwa kimechomekwa. Kwenye sehemu ya kubadili umeme kuna kapasita zinazotunza chaji ya hatari hata baada ya kuzima. Kama huna uzoefu, hapo ni kazi ya fundi.

## Dakika ziko sawa, ila saa zimepishana

Dakika zikiwa sahihi na saa zimepishana kwa idadi kamili, acha betri na usifungue kasha. Ni mpangilio tu.

Tofauti ya saa 1. Mara nyingi ni DST, au ukanda uliokosewa. Walio mipakani wanaijua: ukiwa Rusumo upande wa Tanzania, simu inaweza kushika mnara wa Rwanda na kurudi nyuma saa moja, kwa sababu Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko UTC+2. Mtu anakosa basi la alfajiri kwa sababu hiyo. Dawa ni kuzima ukanda wa kiotomatiki na kuchagua Dar es Salaam, Nairobi au Kampala mwenyewe. Sababu ya tatu ni kifaa cha zamani kisichosasishwa. Sudan Kusini ilihama kutoka UTC+3 kwenda UTC+2 tarehe 1 Februari 2021, na simu ambazo hazijapata orodha mpya ya kanda bado huiweka Juba saa moja mbele. Kifaa kilicholetwa kutoka Dubai au Muscat nacho huja kikiwa saa moja mbele, maana huko ni UTC+4.

Tofauti ya saa 3, kifaa kikiwa nyuma. Kinaonyesha saa ya Greenwich. Ving'amuzi hupokea saa hiyo hewani na kuongeza ukanda vyenyewe, kwa hiyo ingia kwenye mpangilio wa saa, weka +3. Kwenye kompyuta yenye Windows na Linux pamoja, sababu ni kwamba Linux huitunza saa ya ndani kwa Greenwich na Windows huitunza kwa saa ya nyumbani, kila mmoja akiharibu ya mwenzake. Upande wa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, ugomvi utaisha.

Tofauti ya saa 6, kifaa kikiwa nyuma. Hili ni letu wenyewe, na miongozo ya kiwandani haitakuambia. Fundi amemaliza kufunga mashine saa 2 asubuhi, akaandika 02:00. Kwa mashine, hiyo ni saa 8 usiku. Dakika zinatembea vizuri, kila kitu kinaonekana sawa, lakini siku ya mashine inabadilika saa 12 asubuhi badala ya usiku wa manane, na rekodi ya usiku mzima inahesabiwa kwenye tarehe ya jana. Taa za nje zilizotegwa ziwake jioni zinawaka usiku wa manane. Ongeza saa 6, au bora zaidi weka mfumo wa saa 24 na umwelekeze kila anayegusa mashine: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 2 usiku ni 20:00.

Tofauti ya saa 12. Asubuhi na jioni zimebadilishana. Dalili yake ni tarehe kubadilika mchana. Kwenye simu makosa haya hujitokeza kwa kengele: mtu anataka kuamka saa 12 asubuhi, anategesha 6:00 PM, simu inalia saa 12 jioni, na asubuhi haijui kitu. Mfumo wa saa 24 huondoa tatizo hili lote.

## Mita ya umeme inakataa namba

Wengi hawadhani kwamba mita ya malipo ya kabla ina uhusiano wowote na tarehe, kumbe imeingiza kosa la tarehe katika nyumba nyingi. LUKU ya Tanzania, tokeni za Kenya Power, Yaka ya Uganda, zote ziko kwenye mfumo mmoja wa kimataifa uitwao STS.

Ndani ya kila tokeni ya tarakimu 20 kuna alama ya muda iliponunuliwa, ikihesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo hubeba dakika 16,777,216 tu, na zilitimia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu hurudi sifuri, na mita huona tokeni mpya kama ni ya zamani kuliko zote ilizowahi kupokea. Mita hukataa tokeni za zamani kwa makusudi, ili mtu asiingize namba moja mara mbili. Ndiyo sababu kabla ya siku hiyo wateja walipewa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza kuisasisha mita, la tatu la umeme wenyewe. Baada ya kusasishwa, mita huanza kuhesabu tangu 2014, na haitarudia tatizo hili hadi 2045.

Wengi walishamaliza. Wanaokwama sasa ni wenye nyumba iliyofungwa muda mrefu, aliyekuwa nje ya nchi, chumba cha kupangisha kilichokaa bila mpangaji, au shamba ambalo mita yake haikutumika tangu kabla ya Novemba 2024.

Tokeni ikikataliwa, anza na la kawaida. Tarakimu moja imekosewa: mtu mmoja asome nne nne, mwingine abofye. Pili, namba si ya mita hii. Linganisha namba ya mita kwenye ujumbe na ile iliyoandikwa kwenye mita, hasa nyumba yenye mita kadhaa. Tatu, tokeni ilishaingizwa na mtu mwingine ndani ya nyumba. Angalia salio kabla ya kulalamika. Nne, mita haijasasishwa. Pekua ujumbe wako wa ununuzi: ukiona ulipewa makundi matatu na uliingiza la mwisho peke yake, umepata jibu. Ingiza la kwanza, subiri mita ikubali, kisha la pili, kisha la tatu, mfululizo na kwa mpangilio ulioletwa. Yuniti zilizokuwamo hazipotei.

Kama ulinunua tokeni kabla ya kusasisha na hukuiingiza, baada ya kusasisha itakataliwa, maana ufunguo wa mita umebadilika. Usiitupe, wasiliana na shirika la umeme ukiwa na ujumbe wa ununuzi.

Usiendelee kubofya kwa kubahatisha. Mita nyingi hujifunga kwa muda baada ya majaribio kadhaa ya makosa, na mtu hudhani imekufa. Na usimruhusu yeyote kuvunja lakiri ya mita kwa madai ya kuiweka sawa. Hilo ni kosa la jinai, na ndani ya mita kuna umeme mkuu unaoua. Makundi yote matatu yakikataliwa, piga simu kwa shirika na uwatajie maneno kamili yaliyotokea kwenye kioo cha mita.

## Saa ya gari imerudi miaka ishirini

Setilaiti za GPS hutangaza namba ya wiki, na kwa mfumo wa awali namba hiyo huishia 1023 kisha hurudi sifuri. Hesabu ilianza 6 Januari 1980, ikarudi sifuri Agosti 1999, na mara ya pili usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019 kwa saa yetu. Kifaa ambacho programu yake haikuandaliwa hujiona kiko wiki 1024 nyuma. Siku ya kuharibika si lazima iwe moja kwa vifaa vyote, maana watengenezaji walianzia wiki tofauti.

Januari 2022 magari mengi ya Honda na Acura ya miaka ya 2000 yalirudi mwaka 2002, na saa zake zikagoma kurekebishwa kwa mkono. Yalikaa hivyo hadi Agosti, kisha yakajirekebisha yenyewe. Aliyelipa kubadilishiwa redio mwezi Machi alipoteza fedha bure. Ndiyo maana nasema soma tarehe kwanza: ukiona tofauti ni miaka 19 na ushee, kifaa ni kizima, tatizo ni programu. Tafuta sasisho la mtengenezaji, na kama halipo, tumia simu kwa saa na ramani.

Kuna kosa jingine kwenye magari kutoka Japani. Saa iko mbele saa 6 kamili, haikubali kubadilishwa. Redio ile huchukua saa ya GPS na kuongeza 9 kwa ajili ya Tokyo, nasi ni +3. Kwenye menyu ya Kijapani tafuta kipengele cha kurekebisha saa ya GPS. Baadhi ya redio zinacho, nyingi hazina.

## Tarehe ni sahihi kabisa, bado kifaa kinakataa

Hapa kilichozeeka ni kile kinachoaminiwa na kifaa. Kila kifaa kimebeba orodha ya vyeti mama, vile vinavyothibitisha vyeti vya tovuti, navyo vina mwisho. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichotegemewa na Let's Encrypt kiliisha, na kompyuta, iPhone na televisheni za zamani zikaanza kukataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka. Tarehe 9 Machi 2025 ikawa zamu ya Chromecast za kizazi cha pili, vifaa vya Google vya kurusha video kwenye televisheni: usiku mmoja zikasema kifaa hakiaminiki, ulimwenguni kote.

Tazama kwanza kama wengine wanalalamika siku hiyohiyo. Kama ndivyo, usifute kifaa. Wakati wa Chromecast, Google waliwaomba watu waziwazi wasivirudishe vifaa kama vilivyotoka kiwandani, kwa sababu waliofanya hivyo walishindwa kuviunganisha tena kabla ya sasisho kufika. PlayStation 3 za mwanzo zilikwama tarehe 1 Machi 2010 kwa sababu zilidhani 2010 ni mwaka mrefu. Ndani ya siku moja hivi zikarudi kawaida. Tatizo lililoanza 1 Januari, 29 Februari au 1 Machi lipe siku mbili kabla ya kulitolea fedha.

Kama ni simu yako peke yako, sasisha mfumo. Kama hauna sasisho tena, jaribu kusasisha kivinjari. Kwenye Android, Firefox hubeba orodha yake ya vyeti bila kutegemea ya simu, ila nayo iwe mpya. Matoleo ya kabla ya 128 yaliathirika kwa cheti kilichoisha 14 Machi 2025. Usizime ukaguzi wa vyeti ili kuilazimisha simu kuukuu ifungue benki.

## Madogo madogo

Namba za uthibitisho zinakataliwa. Zile tarakimu 6 za programu ya uthibitisho, zinazobadilika kila sekunde 30, hutengenezwa kutokana na saa ya simu. Simu ikichelewa dakika mbili, kila namba ni mbovu. Washa saa ya kiotomatiki. Akaunti ikikufungia, pumzika, usijaribu mara kumi.

Picha zina tarehe ya uongo. Kamera nyingi zina betri ndogo ya ndani inayochajiwa na betri kubwa. Iache betri kubwa ndani siku nzima, kisha weka tarehe. Picha zilizokwisha kupigwa husogezwa zote kwa pamoja kwa programu ya ExifTool, ukijua tofauti. Fanya kwenye nakala.

Tarehe na mwezi vimebadilishana kwenye daftari la kikundi. Kompyuta iko kwenye mtindo wa Marekani, na 3 Aprili imesomwa Machi 4. Mhazini atagundua kwa sababu tarehe zilizozidi 12 zimebaki upande wa kushoto wa kisanduku kama maneno. Badilisha eneo kuwa Tanzania au Kenya kabla ya kuingiza data. Zilizokwisha kuingia zikaguliwe kwa macho dhidi ya daftari la karatasi, kwa kuwa hakuna fomula inayoweza kujua marejesho yapi yalikuwa ya Aprili. Zikiwa zote zimesogea miaka 4 na siku 1, faili moja linahesabu kuanzia 1900 na jingine 1904, kama zilivyofanya Mac za zamani. Ongeza au punguza siku 1462.

Kalenda ya Hijria iko mbele siku moja. Si hitilafu. Simu nyingi hufuata hesabu ya Umm al-Qura ya Saudia, si mwezi ulioandama kwetu, na hubadilisha siku usiku wa manane badala ya Magharibi. Programu nyingi zina sehemu ya kuongeza au kupunguza siku. Kwa kuanza saumu, tangazo la Mufti au la Kadhi Mkuu ndilo la kufuata.

## Kuhusu 2038

Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1970 itajaza nafasi yake tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa yetu, na kuruka nyuma hadi Desemba 1901. Simu na kompyuta mpya zimeshavuka kizingiti hicho. Zilizo hatarini ni mashine za bei nafuu zinazofungwa ukutani na kusahauliwa: DVR, ruta, vifaa vya kudhibiti sola na mageti.

Usiijaribu simu yako kwa kuisogeza hadi mwaka huo. Mwaka 2016 watu waliorudisha iPhone zao hadi 1 Januari 1970 waliziona zikikataa kuwaka, hadi Apple walipotoa iOS 9.3. Kuna njia salama zaidi dukani, kabla hujalipa: fungua menyu ya tarehe ya mashine unayotaka kununua, sogeza orodha ya miaka bila kuhifadhi. Ikiishia 2037, muombe muuzaji akuletee nyingine.